Mteja ameanguka mlangoni siku mbili baada ya theluji kuondolewa: tulikosea wapi?

Mwenye duka, Lowell, Massachusetts

Salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu tunaendesha duka la vyakula vya nyumbani hapa Lowell, na huu ni mwaka wetu wa nne. Tunauza unga, maharage, samaki wakavu na majani ya chai, na asubuhi huwa tuna chai ya maziwa na mandazi kwa wanaotoka zamu ya usiku. Duka letu ni chumba cha mwisho katika jengo lenye vyumba vitano vya biashara, na mbele yake kuna maegesho ya pamoja yenye mteremko mdogo.

Ijumaa usiku theluji ilianguka kiasi cha sentimita 20. Jumamosi alfajiri mkandarasi wa mwenye jengo alikuja na gari lake akasukuma theluji yote ya maegesho, nasi tukasafisha kwa beleshi sehemu ya mbele ya mlango wetu hadi zege likaonekana, kisha tukamwaga chumvi. Jumapili jua liliwaka mchana kutwa, na tulipofunga jioni njia ilikuwa safi, isipokuwa unyevu kidogo ambao sikuutilia maanani.

Jumatatu nilifika saa moja kamili asubuhi. Baridi ilikuwa imefika nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri. Nikamwaga chumvi mlangoni kama kawaida, nikaingia kuwasha jiko la chai. Saa moja na nusu mama mmoja, mteja wetu tangu wiki ile tuliyofungua, aliteremka garini, akapiga hatua nne au tano, na mimi nikiwa nyuma ya kaunta nikamwona akitoweka chini ya usawa wa dirisha. Nilipotoka kumwinua nusura na mimi nianguke. Kwa macho zege lilionekana limelowa tu. Nilipoweka kiganja chini ndipo nikajua kwamba ni barafu, nyembamba na angavu kama karatasi ya nailoni, na zile chembe za chumvi nilizomwaga nusu saa kabla zilikuwa zimekaa juu yake kama nilivyozitupa, hazijayeyusha chochote.

Mama amevunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Ananiambia, "Mwanangu, hiyo ni ajali, usijisumbue." Lakini najisumbua, kwa sababu alikuja kwangu kununua unga akaondoka kwa gari la wagonjwa. Naomba mnisaidie kuelewa mambo matatu: kwa nini chumvi haikufanya kazi, barafu ilitoka wapi ilhali theluji ilikwisha kuondolewa, na jukumu ni la nani, maana mkataba wangu wa pango unasema mpangaji atatunza "sehemu ya mbele ya chumba chake" bila kueleza sehemu hiyo inaishia wapi.

Mkazi wa Dallas, Texas

Pole sana ndugu yangu, na umfikishie mama pole zetu. Huku kwetu barafu ni ya nadra, lakini ilipotukuta mimi nilikuwa nachemsha maji na kuyamwaga kwenye ngazi asubuhi kabla wateja hawajafika. Barafu huondoka papo hapo. Labda ujaribu hivyo.

Msimamizi wa usafi wa majengo, Minneapolis, Minnesota

Ndugu wa Lowell, pole. Nimefanya kazi ya kusafisha theluji kwenye maofisi na makanisa kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo naomba uvumilivu wako nikieleza kwa kirefu.

Kwanza, kwa heshima zote kwa ndugu wa Dallas, maji ya moto tafadhali usiyatumie. Yanayeyusha barafu kwa dakika chache, halafu yenyewe yanasambaa kwenye nyufa na pembeni, yanapoa na kuganda, na unabaki na barafu laini zaidi na pana zaidi kuliko ile ya kwanza. Kwenye nyuzi 13 chini ya sifuri hutachukua hata robo saa kuliona hilo.

Sasa chumvi. Chumvi haiyeyushi barafu kwa joto lake, kwa kuwa haina joto. Inafanya kazi pale inapopata tone la maji, ikageuka maji ya chumvi, na maji hayo ndiyo yanayopenya chini ya barafu na kuibandua. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo tone hilo la kwanza linavyokosekana. Kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri kilo moja ya chumvi ya kawaida inaweza kuyeyusha kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri kilo ile ile haifikishi kilo 9. Na ukishapita nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa kazi ya mlangoni ambapo mtu atakanyaga baada ya nusu saa, hesabu kwamba haifanyi kazi. Hukununua chumvi mbovu, na kuongeza ndoo ya pili kusingesaidia. Kwa asubuhi za namna hiyo kuna kloridi ya magnesiamu, ambayo huendelea kufanya kazi hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na kloridi ya kalisiamu, ambayo huenda mbali zaidi, hadi karibu nyuzi 29. Hiyo ya kalisiamu ni ghali, inachoma mikono usipovaa glavu, na ikiingizwa ndani kwa viatu huacha utelezi wa mafutamafuta sakafuni, kwa hiyo mimi naitumia kwa uchache na kwenye mahali panaponisumbua tu. Kama huna hata moja kati ya hizo, mwaga mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu, lakini unampa mtu pa kukanyagia, na baridi haiupunguzii nguvu.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo naliona kila wiki na linaniuma: watu wanamwaga chumvi mpaka njia inakuwa nyeupe, wakidhani ni usalama. Idara ya jimbo letu inayoshughulikia uchafuzi wa mazingira inafundisha kwamba kikombe kikubwa cha kahawa kilichojaa, karibu nusu kilo, kinatosha mita za mraba 23 hivi, na kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi huharibu moja kwa moja lita 19 za maji. Chumvi iliyobaki baada ya barafu kuondoka ifagie, uirudishe ndoo­ni, itafaa kesho.

Kuhusu barafu imetoka wapi: theluji uliyoiondoa haikuangusha mtu. Kilichomwangusha mama ni maji. Sisi katika kazi hii tunaogopa zaidi siku ya jua inayofuata dhoruba kuliko dhoruba yenyewe, kwa sababu siku ya dhoruba kila mtu anatembea kwa uangalifu na kila mtu ana beleshi mkononi. Siku ya jua maji yanatiririka kimya kutoka mahali fulani, jioni watu wanafunga na kwenda nyumbani, na usiku yanaganda. Zaidi ya hayo, usiku wa mbingu safi ardhi hupoteza joto upesi kuliko hewa, hata zege likaganda wakati kipimo cha hewa kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Kwa hiyo wewe usitazame mlango wako asubuhi tu. Toka nje kati ya saa nane na saa kumi mchana, siku ya jua, uinamishe kichwa utafute maji. Tazama bomba linaloteremsha maji ya paa linamwaga wapi, tazama ukingo wa paa juu ya mlango, tazama kila lundo. Ukiyapata maji, umeipata barafu ya kesho.

Karani wa ofisi ya mawakili, Worcester, Massachusetts

Ndugu mwenye duka, mimi si wakili, ila nafanya kazi nao katika kesi za majeraha, na jimbo letu ni moja, kwa hiyo naweza kukueleza sheria ilivyo huku.

Kwa zaidi ya karne moja mahakama za Massachusetts zilikuwa zikitenganisha theluji iliyojikusanya kwa asili na ile iliyobadilishwa na mkono wa mtu. Mwenye eneo hakuwajibika kwa ile ya asili. Julai 2010 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilifuta tofauti hiyo katika kesi ya Papadopoulos. Mtu huyo aliteleza Desemba 2002 katika maegesho ya kituo cha maduka cha Danvers, kwenye barafu ambayo ama iliporomoka kutoka kwenye lundo la theluji lililosukumwa, ama iliyeyuka kutoka kwenye lundo hilo ikaganda upya. Tangu hapo kipimo ni kimoja kwa theluji na barafu kama ilivyo kwa hatari nyingine yoyote: je, mwenye kusimamia eneo alichukua tahadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua katika hali ile? Hakuna anayekudai usimame mlangoni usiku kucha katikati ya dhoruba. Lakini siku mbili baada ya dhoruba, mahali ambapo unajua wateja wanapita, utaulizwa ulifanya nini na saa ngapi.

Ndiyo maana nakusihi uandike leo, kabla kumbukumbu haijachanganyika, kila ulichotueleza hapa: saa uliyofika, kiasi cha chumvi, hali ya hewa, viatu alivyovaa mama, nani mwingine alikuwepo. Piga picha za mahali penyewe. Kisha anza daftari la kila siku. Nimeona wafanyabiashara waliofanya kazi nzuri kabisa ya kusafisha wakashindwa kuithibitisha, kwa sababu miezi kumi na minane baadaye hakuna aliyekumbuka kama ni Jumapili au Jumatatu.

Piga simu kwa kampuni yako ya bima mapema, wala usisubiri kudaiwa. Watu wetu wengi wanaogopa kufanya hivyo wakidhani ni kukiri kosa, kumbe mikataba mingi ya bima inataka utoe taarifa mara ajali inapotokea, na ukichelewa unajiweka pabaya. Tena bima nyingi za biashara zina sehemu ndogo ya malipo ya matibabu ambayo humlipia aliyeumia hospitali bila kwanza kuamua nani mwenye makosa. Hiyo ingemsaidia mama yetu bila yeye kukushitaki wala wewe kumkimbia. Upande wake, sheria ya hapa inamtaka anayedai kwa sababu ya theluji au barafu ampe mwenye eneo taarifa ya maandishi ndani ya siku 30. Kuchelewa peke yake hakumnyimi haki, isipokuwa mdaiwa athibitishe kwamba kuchelewa huko kumemdhuru. Nimelisema hili ili na yeye alijue, maana naona wewe unamtakia mema.

Juu ya mkataba wako, maneno "sehemu ya mbele" ni mabaya kwenu nyote wawili. Kwa kawaida maegesho ya pamoja hubaki chini ya mwenye jengo, lakini mahali hasa alipoanguka mama pana utata. Mwandikie mwenye jengo barua, kwa adabu, ukiambatanisha mchoro wa mkono, umwombe mkubaliane mstari uko wapi, nani anaondoa theluji, nani anashughulikia barafu inayorudi, na mkandarasi anaitwa theluji ikifika sentimita ngapi. Kipengele cha barafu inayorudi ndicho kinachosahaulika, kwani mikataba mingi ya kusukuma theluji inamlipa mkandarasi kwa theluji mpya tu. Barafu ya Jumatatu haimo. Uulize pia ofisi za mji wako kuhusu njia ya waenda kwa miguu iliyo kando ya barabara. Kila mji una saa zake: Boston, kwa mfano, inamtaka mwenye jengo asafishe ndani ya saa 3 baada ya theluji kukoma, au saa 3 baada ya jua kuchomoza iwapo ilikoma usiku, na aache upenyo wa inchi 42, yaani zaidi kidogo ya mita moja, ili kiti cha magurudumu kipite.

Msimamizi wa ghala, Leeds, Uingereza

Poleni nyote. Huku Uingereza baridi si kali kama yenu, lakini sisi tunaishi kwenye sifuri yenyewe, mvua jioni na jalidi alfajiri, na hiyo ni hatari ya aina yake. Kuna uvumi uliokita mizizi hapa kwamba ukisafisha theluji mbele ya biashara yako utashitakiwa, ila ukiiacha hutashitakiwa. Nimewasikia hata mameneja wakiusema. Serikali yenyewe imewahi kutoa mwongozo wa kuukanusha, na kwa upande wa wafanyakazi kanuni za mahali pa kazi za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri aweke njia za kupitia bila vitu vya kutelezesha kadiri inavyowezekana.

Nina nyongeza mbili tu. Ya kwanza, sisi tunamwaga chumvi jioni kabla ya baridi kushuka, si asubuhi baada ya barafu kushika. Chumvi iliyotangulia huzuia barafu isigandamane na zege, na kiasi kidogo kinatosha. Ndugu wa Lowell angeupata ule unyevu wa Jumapili ukiwa bado ni maji, chumvi ingefanya kazi, ingawa kwa baridi ya kiasi hicho ningekausha kwanza kwa ufagio wa mpira.

Ya pili ni watu wenyewe. Tulipokuwa na milango mitatu wazi, tulikuwa na njia tatu za kusafisha na hakuna hata moja iliyosafishwa vizuri. Sasa kukiwa na barafu tunafunga miwili, tunaweka utepe na kibao cha tahadhari, na nguvu zote tunazipeleka kwenye mlango mmoja. Wafanyakazi wapya, hasa waliotoka kwenye nchi za joto mwaka huo huo, huja na viatu vya soli laini kwa sababu ndivyo walivyo navyo. Tunao mikanda ya mpira yenye meno ya chuma inayovaliwa juu ya kiatu, jozi kumi mlangoni, na tunawafundisha kutembea: hatua fupi, mguu mzima ukanyage kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Kijana mmoja kutoka Bukavu aliniambia alikuwa akiona haya kutembea hivyo mpaka alipomwona mkuu wa kituo akifanya vile vile.

Mwenye duka, Lowell, Massachusetts

Nawashukuru sana. Leo lilikuwa jua, na saa nane mchana nilimwachia mke wangu kaunta, nikatoka kama ndugu wa Minneapolis alivyoniagiza.

Kipimo kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri, na nilidhani sitaona maji. Bomba la paa lilikuwa kavu. Ukingo wa paa ulikuwa mkavu. Ndipo nikapanda hadi juu ya maegesho, upande wa barabara, ambako mkandarasi alisukumia theluji yote ya Jumamosi. Lundo lile limenizidi kimo. Juu limeganda, lakini pale chini linapogusana na lami nyeusi iliyopashwa na jua, lilikuwa linatoa jasho. Maji yalitoka membamba kama penseli, yakaingia kwenye ufa wa lami, nami nikayafuata kwa miguu. Yalipita nyuma ya magari mawili, yakakunja kwenye mstari wa rangi ya maegesho, yakashuka mita ishirini na kitu, yakaja kusimama kwenye kibonde kidogo ambapo lami inakutana na zege la mlango wangu. Ni pale pale mama alipoanguka. Nimepita hapo kila siku kwa miaka minne bila kujua kwamba pana kibonde.

Nimepiga picha tangu juu hadi chini na kumpelekea mwenye jengo pamoja na barua. Bima nimewapigia, na kweli ipo sehemu ya matibabu. Wamenitumia fomu ya mama. Swali langu ni kwa ndugu wa Minneapolis: nifanye nini usiku huu, kabla lundo halijaondolewa?

Msimamizi wa usafi wa majengo, Minneapolis, Minnesota

Umefanya vizuri kuliko wakaguzi wengi. Kwa usiku huu, jua likishapungua, fagia maji yaliyomo kwenye kibonde mpaka pawe pakavu, kisha weka kloridi ya kalisiamu kidogo kwenye kibonde na juu ya ufa kwa urefu wa mita mbili hivi. Asubuhi ziba sehemu hiyo kwa koni, uwapitishe wateja upande wa pili, na uweke mchanga huko.

Lundo lisogezwe chini ya mteremko, karibu na tundu la maji ya mvua bila kulifunika. Mwambie mkandarasi mbele ya mwenye jengo, na muweke alama ya rangi ukutani ili dereva wa usiku ajue pa kusukumia. Anayekuja saa tisa usiku si lazima awe yule uliyezungumza naye mchana. Kiangazi kikifika, kibonde kizibwe na ufa ujazwe lami. Hiyo kazi ni ya Julai, ila iandikwe sasa, maana Julai hakuna atakayeikumbuka.

Mwenye duka, Lowell, Massachusetts

Mrejesho kwa wote. Mwenye jengo alikuja mwenyewe Alhamisi, akasimama kwenye kibonde, akanyamaza kidogo, kisha akampigia mkandarasi. Lundo limehamishwa Ijumaa asubuhi kwa trekta, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba maegesho yote na lami hadi ukingo wa zege ni yake, zege na mlango ni wangu, na barafu inayorudi itakaguliwa na kila upande kwa sehemu yake saa tisa alasiri na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeweka zulia la mpira la mita mbili na nusu ndani ya mlango, kwa sababu nimegundua kwamba maji ya viatuni yalikuwa yakifika hadi kwenye rafu ya unga.

Mama amejaza fomu. Amekuja jana mkono ukiwa kwenye plasta, akasema anataka kuona mahali penyewe, tukaenda naye polepole nikamwonyesha ufa kuanzia juu.

Leo katika daftari nimeandika hivi: saa 9:10 alasiri, jua, nyuzi 4 chini ya sifuri, ufa mkavu, kibonde kikavu, chumvi haikuhitajika.